Skrini Kuu Nilimpa Mgeni

Leo nimevuliwa nguo mbele ya baba mkwe, na koti nilikuwa nimelivaa.

(Baba mkwe mtarajiwa. Baada ya leo, hata huo utarajiwa unatetemeka.)

Mzee Shabani wa mtaa wa Buyenzi, baba yake mchumba wangu Zaina, alisema hampi binti mwanaume anayeshinda ndani kama kuku anayeatamia. Nikamwalika, aone humo ndani ninafanya kazi gani: kutengeneza picha za harusi kwa kompyuta. Nikaazima skrini ya pili, nikaiweka mbele ya kochi lake. Yangu ikabaki mezani, nyuma ya ile yake.

Asubuhi, wakati naziunganisha, Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ikaniuliza: skrini kuu ni ipi? Swali gani hilo! Kwetu mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza. Nikachagua yake.

Mzee akaketi. Nikasukuma panya wa kompyuta. Mshale ukaingia ukingoni mwa skrini yangu, ukatokea kwake!

"Subhanallah! Kamepita wapi?" Akainama, akachungulia chini. "Apa daraja iko wapi?"

Hata mimi niliyeunganisha nyaya, nywele zilinisimama. Nikabonyeza, picha zikaanza kupita zenyewe kwake, bibi harusi akimpisha bibi harusi. Mzee mdomo wazi.

Nikaona nicheze karata kidogo kwenye skrini yangu, nitulie. (Ndiyo, karata. Mnanijua.) Nikabonyeza. Hakuna kitu. Nikabonyeza tena. Wapi! Nikabonyeza kwa hasira, tena na tena.

"We kijana," Mzee akaita, "bibi arusi wamekwenda wapi?"

Nikazunguka kutazama. Mama wee! Kumbe kila dirisha jipya hufunguka kwenye skrini kuu. Mabibi harusi wote wamezikwa chini ya karata, mchezo juu ya mchezo.

"Kumbe iyi ndiyo kazi inakufungia mu nyumba?"

Nikanyoosha mkono nizime.

"Apana! Acha! Ile saba nyekundu, weka juu ya nane nyeusi."

Nikaweka. Ikanasa. Mzee akashusha pumzi kama aliyeuona mwezi wa Idi.

Couvre-feu, ile saa ya marufuku kutembea usiku, ilipokaribia, bado alikuwa amekumbatia panya. Nilimsindikiza mlangoni kwa kumvuta. Nikajikaza: "Na Zaina, baba?"

"Mutu wa kushinda ndani simupi mutoto," akasema. "Kesho nakuja asubuhi, tumalize."

Kwa hiyo tutashinda ndani wawili, na Zaina si mmoja wetu. Atakayecheka, namhamishia Mzee kwake.