Neno la Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Baba mkwe bado hoi. Tangu apooze upande mmoja maneno yote yamempotea, isipokuwa moja, na hilo kaniwekea mimi! Nikiingia tu chumbani ananikazia jicho: "Ayari." Shemeji, mwanawe wa kumzaa, anayemgeuza na kumwosha kila asubuhi, haambulii kitu. Nimemuuliza mke wangu maana yake. Eti ni neno la kwao, la zamani. Pengine, anasema, ni mtu wa kutegemewa. Akageukia ukutani. Machozi ya furaha, bila shaka.

Jumatano, 6 Machi
Mtu wa kutegemewa hangoji kuambiwa. Nimehamishia kwangu cherehani ya mzee, nikabadilisha kufuli la duka lake la ushonaji. Kwa usalama! Shemeji kafoka. Nikamjibu kwa upole kwamba mzee ameshatamka. Fundi wa vibao anachora: AYARI, USHONAJI WA UHAKIKA. Herufi nyekundu.

Ijumaa, 8 Machi
Mzee amefariki asubuhi. Mke wangu alipiga simu weee! Nilikuwa juu ya ngazi, nanyoosha kibao. Nilipofika mkono wa mzee ulishapoa. Kidole gumba bado kina sugu ya mkasi. Nimelia kidogo.

Jumamosi, 9 Machi
Mazishi. Nikaomba kusema machache. Nikatangaza kwamba marehemu ameniachia duka, na ameniita ayari hadi pumzi ya mwisho. Dada wa marehemu, bibi kizee wa mkongojo, akauliza kama neno lenyewe nalijua. Nikasema ni mtu wa kutegemewa.
"Ayari ni tapeli, mwanangu," akasema. "Kwetu ndiye anayekuuguza huku anapima mlango, kama kitanda chako kitapita."
Mtu akacheka. Makaburini! Shemeji hakucheka. Mke wangu kaondoka naye, na nguo zake zote.

Jumatatu, 11 Machi
Nyumba imepwaya. Sijala tangu jana. Nimewaza sana, kosa langu nimeliona: nilisema mbele ya mtu anayelijua neno. Na wa kulijua kabaki yule bibi peke yake. Akiondoka, ayari itakuwa na maana nitakayoitaka mimi.
Leo nimempelekea bibi machungwa, nikamuuliza hali ya kifua. Anakohoa vibaya, maskini. Ana chumba kikubwa, kumbe, na dirisha linatazama barabara kuu. Kesho nitampelekea dawa.