Mtu wa Kumi na Sita

Ndugu zangu wa barazani Kisauni, leo nimejivunjia heshima kwa mikono yangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu mia mbili na saba. Niliwahesabu. (Nikarudia. Mia mbili na saba.) Naandika haraka ili barua hii ivuke feri kabla ya maneno ya watu, maana Kalume mpishi ana shemeji yake hapo kwenu, na Kalume akisimulia jambo hulitia chumvi ya sufuria kumi.

Mnaijua ile skuli ya wavulana wa Kizungu iliyohamishiwa huku Likoni tangu jeshi lichukue majengo yao ya bara. Wavulana wale hucheza raga. Raga ni mpira, ila mpira wenyewe umechongoka huku na huku, ni ruhusa kuushika kwa mikono, na ni ruhusa kumwangusha chini aliyeushika. Kumi na tano upande huu, kumi na tano upande ule. Yaani ni ugomvi wenye hesabu. Na kitu chenye hesabu mimi hakinipiti.

Msimu ndio kwanza umeanza, na wetu (eti wetu!) walikuwa wamecheza mara nne, wakashinda mara nne. Na mara zote nne, machungwa ya mapumziko nilipeleka mimi. Mwalimu wao wa michezo, mzungu mrefu tunayemwita Bwana Miwani, aliniangalia wiki iliyopita kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiswahili chake:

"Wewe nalete machungwa, sisi nashinda. Jumamosi hii kama sisi nashinda tena, wewe nalete mpaka mwisho."

Mpaka mwisho wa msimu! Nikamuuliza, "Na madafu je, bwana?" Akasema, haya, na madafu. Nikamuuliza, "Na ndizi?" Akaondoka. (Kwenye kupatana lazima ujue pa kukomea. Mimi hupajua nikishapapita.)

Basi leo ilikuwa hivyo: wakishinda, kazi ni yangu msimu mzima. Wakishindwa, narudi kuuza sokoni juani kama mtu yeyote.

Nikafika mapema na vikapu viwili. Wageni walikuwa skuli moja ya bara, walioshuka na treni jana. Kalume, ambaye ndiye anayewapikia hawa wetu, aliniambia nao hawajashindwa hata mara moja tangu msimu uanze.

"Wamevaa nyeupe," nikasema. "Na mvua hii ya masika? Dakika kumi tu watakuwa rangi ya uwanja."

"Wewe tazama machungwa yako," akasema Kalume.

Wetu walivaa buluu iliyokolea. Refa alikuwa mzee mmoja mnene mwenye koti la kijani, mtu usiyeweza kumkosa hata ukitaka, maana tumbo lilikuwa likifika penye mpira kabla yake. Nikahesabu pande zote mbili. Kumi na tano, kumi na tano. Nikarudia kuanzia mwisho. Kumi na tano, kumi na tano. Moyo ukatulia.

Sasa niwaambieni ukweli. Kwa siku zile nne nilizopeleka machungwa, nilikuwa nikitazama machungwa. Leo, kwa kuwa riziki yangu ilikuwa humo uwanjani, nilitazama mchezo. Na wallahi, nilichokiona sijawahi kukiona.

Wanane wa huku wanainama, wanane wa kule wanainama, mabega kwa mabega, vichwa vinaingiliana kama vidole vya mikono miwili. Kisha wanasukumana. Kimya! Hakuna tusi, hakuna makelele, ni pumzi tu. Mvua inawapiga migongoni na mvuke unapanda kama chungu kimefunuliwa. Watoto wa miaka kumi na sita, kumi na saba! Nimewaona wapagazi wa bandarini wakisukuma behewa lililokwama kwenye reli, na hawakusukuma vile.

Na yuko mmoja wetu, mwembamba, masikio makubwa, husimama pembeni peke yake kama aliyesahauliwa. Sisi wa jikoni tunamwita Mwewe. Ukimwona amesimama utamhurumia. Akiupata mpira utajihurumia mwenyewe kwamba una miguu na hujui ni ya kazi gani. Kabla ya mapumziko aliupata mara moja tu. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu akabaki ameshika hewa, na Mwewe akaulaza mpira nyuma ya mstari wao taratibu, kama mama anayelaza mtoto. Hizo ni alama tatu. Mwenzake akaupiga teke ukapita juu kati ya miti miwili ya goli, mbili zaidi. Wageni walikuwa na tatu zao za mwanzo, basi tano kwa tatu. Nikaanza kuyafikiria madafu.

Mapumziko. Nikagawa machungwa, kila mmoja robo mbili. Kisha mvua ikawa si mvua tena, ni bahari imegeuzwa juu chini, nikamwacha Kalume chini ya banda la uwanjani, nikakimbilia jikoni kungoja ipungue.

Niliporudi mchezo ulikuwa umeshaanza, na mambo yalikuwa yameharibika. Wageni walikwishaongeza tatu. Sita kwa tano, wetu wako nyuma. Yule mzee wa koti la kijani, refa wetu, alikuwa ameketi kitini chini ya mwavuli, mguu mmoja juu ya sanduku, filimbi yake shingoni. Nikashangaa. Nikasema, labda huko kwao mtu akiwa na cheo huchezesha ameketi. Filimbi nilikuwa naisikia ikilia, lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati ya banda hata huwezi kujua sauti inatoka upande gani.

Nikahesabu wageni.

Kumi na sita.

Nikafuta macho. Mnajua mimi nazi huzihesabu mbili mbili, mkono huu na mkono huu, kisha narudia kuanzia mwisho, na katika miaka yote hii hakuna mwenye shamba aliyewahi kunipunja hata kifuu. Nikawahesabu vijana wale vivyo hivyo, wawili wawili. Jozi nane kamili, hakuna aliyebaki. Nikarudia kuanzia mwisho. Kumi na sita! Weupe wao ulikuwa umekwisha zamani, wote ni matope kuanzia nywele, lakini matope juu ya nyeupe si sawa na matope juu ya buluu, na mimi jicho langu la sokoni halidanganyiki. (Hapo ndipo nilipodhani halidanganyiki.)

Nikaenda kwa yule mzee chini ya mwavuli.

"Shikamoo bwana. Wageni ni kumi na sita."

Akanitazama kama mtu anayeumwa jino. "Toka. Si kazi yangu."

Refa anasema si kazi yake! Nikarudi mbio kwa Kalume.

"Kalume, tunaibiwa."

"Nani anaiba?"

"Wale wamemwingiza mtu wakati wa mvua. Wako kumi na sita. Yule pale mfupi, mwenye kifua. Tazama, hashiki mpira, hasukumani na mtu, anazunguka zunguka tu kila mpira unapokwenda. Jasusi!"

"Athumani, kaa chini."

"Nimehesabu mara mbili!"

"Basi hesabu ya tatu, kisha ukae chini."

Nikahesabu ya tatu. Kumi na sita. Sikukaa chini.

Zilibaki dakika chache. Bwana Miwani alikuwa akitazama saa yake, anaifuta, anaitazama tena. Mara mpira ukachomoka kwenye ule msukumano, ukapita mkono, mkono, mkono, ukamfikia Mwewe mbali kabisa, upande wetu huu.

Ndugu zangu, sina maneno. Uwanja ulikuwa dimbwi. Wenzake walikuwa wakikimbia kama watu walio ndotoni. Yeye alikuwa akikimbia juu ya maji. Wa kwanza alimrukia akakumbatia tope. Wa pili alipewa bega, kisha bega likaondolewa. Watu mia mbili na saba wakasimama na hakuna aliyepiga kelele, kila mtu alikuwa ameshika pumzi yake kama ameshika yai. Nikasema moyoni, kweli Mungu hugawa, na huyu siku ile alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Na nyuma yake, hatua tano, hatua nne, nani anamkaribia? Yule mfupi mwenye kifua. Wa kumi na sita! Amenyoosha shingo, mikono inakwenda, hana kingine anachokitazama ila Mwewe na mpira. Nikaona madafu yananiponyoka, machungwa yananiponyoka, na zaidi ya yote, wallahi, nikaona uzuri ule unataka kukatwa na mwizi.

Sikuamua. Miguu iliamua. Nilivuka mstari wa chokaa, nikainama kama nilivyowaona wakiinama, nikamkumbata kiunoni, tukaenda chini wote wawili. Tukateleza pamoja kwa muda mrefu. Tulipoacha kuteleza, mimi nilikuwa juu na tumbo langu lilikuwa usoni mwake.

"Nimemkamata!" nikapiga ukelele. "Nimemkamata wa kumi na sita!"

Nikajiinua kidogo nimwone vizuri. Alikuwa na masharubu. Vijana wale hawana masharubu.

Na mdomoni alikuwa na filimbi.

Kumbe wakati mimi niko jikoni, yule mzee wa koti la kijani aliteguka mguu, na mwalimu mmoja kijana wa wageni akakubaliwa na pande zote mbili achukue mahali pake, na hakuwa na nguo nyingine ila fulana nyeupe na kaptula nyeupe. Uwanja mzima ulijua. Kalume alijua! (Anasema alidhani nami najua. Kalume huyu huyu aliyeniambia nikae chini na asiniambie kwa nini.)

Nilijiona nimeshafika kituo cha polisi. Mtu mweusi amemwangusha mzungu matopeni na kumkalia! Nilihesabu miezi nitakayofungwa, nikarudia. Refa akainuka, akatema tope, akauliza:

"Kwa nini?"

"Bwana," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ya kitoto, "nilihesabu kumi na sita."

Akaniangalia. Akatazama shati lake. Akatazama vijana wake. Kisha akacheka hata akashika magoti, na watu mia mbili na saba wakacheka naye. Ningeomba ardhi inifunike, lakini nilikuwa nimeshafunikwa nayo.

Kicheko kikaisha. Mwewe alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa wageni, mpira mkononi, anangoja. Alikuwa ameulaza. Mimi sikuona, lakini tope la kifuani pake lilikuwa linasema. Hizo zilikuwa tatu, nane kwa sita, ushindi, msimu mzima! Refa akamwendea, wakasemezana. Kalume, anayesikia Kiingereza, akanitafsiria kwa kunong'ona.

"Anamwambia hakuona. Hawezi kutoa asichokiona."

"Kwa nini hakuona?"

Kalume alilitazama tumbo langu.

Sasa sikilizeni, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Mimi nilikuwa nangoja ugomvi. Mimi ningeapa kwa wazazi wangu. Ningeleta mashahidi, ningevua shati nionyeshe tope, ningeuliza kama tatu haziwezekani basi mbili je. Na yule mtoto, aliyekimbia vile, aliyekuwa na haki yake mkononi, akaitikia kwa kichwa. Akampa mpira. Akarudi mahali pake pembeni, akasimama. Na wenzake kumi na wanne hawakugomba. Wale wanane walishikana mabega, wakainama tena matopeni, wakasukuma kwa nguvu zote zilizobaki kana kwamba hakuna aliyewaonea. Nywele zilinisimama. Nimeishi mjini miaka arobaini, sikujua kwamba jambo hilo linawezekana.

Wakasukuma, na wageni wakasukuma, na filimbi ikalia. Sita kwa tano. Wetu wameshindwa kwa mara ya kwanza msimu huu.

Nikamfuata Mwewe na vipande vya machungwa vilivyobaki. "Pole sana, bwana mdogo. Kosa ni langu."

Akachukua kipande, akakinyonya, akasema, "Haidhuru. Jumamosi iko ingine." Kisha akacheka, akaniuliza nimejifunza wapi kukamata mtu kiunoni vile.

Bwana Miwani akaja wa mwisho. Alikuwa ameivua miwani, nami sikuwahi kumwona bila miwani. Macho yake yalikuwa madogo na yamechoka.

"Machungwa mazuri," akasema. "Lakini mimi nasema kama sisi nashinda. Sisi hapana shinda."

Hoja zangu zilikuwa tayari, ndugu zangu. Nilikuwa nazo saba. Kwamba mara nne kwa moja bado ni ushindi. Kwamba mvua. Kwamba mpishi wake angeniambia. Kwamba nusu msimu. Nikamtazama Mwewe kule, anafuta matope masikioni.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Basi. Mimi, Athumani! Neno moja, sikuongeza la pili. Nikachukua vikapu vyangu nikaondoka, na niwaambie jambo la ajabu, nilitembea nimenyoosha mgongo.

Ingekuwa imekwisha hapo kwa heshima kidogo, ila Kalume alinikimbilia mpaka barabarani.

"Athumani, ngoja! Nimefikiri. Hesabu yako ilikuwa sawa."

"Vipi?"

"Wageni kweli walikuwa na mtu wa ziada. Tena ndiye aliyewapa ushindi." Akanipiga begani. "Ni wewe."

Basi mwenye kutaka kucheka, acheke sasa hivi barua ikiwa mkononi, amalize kabisa. Ijumaa nakuja hapo barazani, na nitawahesabu wenye meno nje. Mara moja tu.