Nimewaombea Wahindi Nyumba ya Serikali

Akina mama wa jumuiya, leo ulimi wangu umenivua nguo katikati ya ukumbi, mchana kweupe, Bukoba mjini. Na nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo msiniharakishe. Nataka mpate habari kutoka kwangu kabla dereva wa Fuso ya ndizi hajafika nayo kwetu Buganguzi. Yule akisimulia ataongeza chumvi, na hii imeshakolea.

Mnamjua mjukuu wangu Koku, anayekaa Kitendaguro, hapa mjini. Injinia. (Ndiyo, nasema tena. Nitasema mpaka mnizike.) Mimi darasa la nne lilinishinda, yeye kamaliza chuo kikuu, kazi yake madaraja. Na kwa nini alichagua madaraja mnajua. Kile kijito kati ya kibanja changu na barabara ndicho nilichomvusha mgongoni akienda shule, madaftari yake nimeyabana kwa meno.

Daraja hapo tumejengewa mara tatu. La kwanza alijenga fundi aliyepima kwa macho. La pili alijenga fundi aliyepima kwa macho ya yule wa kwanza. La tatu liliondoka na masika, likaondoka na baiskeli ya katekista. Mpaka leo katekista anakwenda kwa miguu, na kila akipita kwangu ananisalimia kama vile mto ni wa kwangu.

Basi. Koku na wenzake wana jambo wanalolipigania siku zote hizi. Serikali inaandika sera mpya ya sayansi, nao wanataka liingie humo jambo moja kuhusu wilaya kama yetu. Leo watu wa Dodoma walikuja Bukoba kusikiliza wananchi. Muleba tulipewa msemaji mmoja. Mmoja! Ilikuwa nafasi ya Koku, naye akaniachia mimi.

Alinipigia Jumapili. Kwangu mtandao unapatikana chini ya mti mmoja tu wa mbuni, na hapo uinamishe kichwa kama unasalimia wakwe.

"Bibi, sisi vijana tukisema, wanasema tunatafuta ajira. Wewe daraja limekukimbia mara tatu. Wewe watakusikiliza. Lisipoingia safari hii ndiyo basi, mpaka waje waandike sera nyingine."

"Nitasema. Niseme nini?"

"Utumie neno lenyewe la kwenye sera, Bibi, Kiswahili sanifu, usitumie la kijijini. Sema: tunataka wahandisi wakae wilayani."

"Tunataka Wahindi?"

"Eee! Wahandisi!"

"Wakae wilayani?"

"Wakae kabisa! Wapewe nyumba na serikali, wasikimbie."

Nikahamisha simu sikio. "Koku, hao wanahusikaje na daraja?"

"Bibi! Linaanguka kwa sababu hawapo! Wangekuwepo, lisingeanguka hata la kwanza." Halafu akacheka. "Hata mimi mwenyewe ni mmoja wao. Usione aibu, litamke tu mbele za watu."

Simu ikakatika.

Nikakaa chini ya mbuni. Mambo mawili yalikuwa yamenikaba.

La kwanza nililimeza. Nikakumbuka zamani, Wahindi walivyokuwa wengi mjini Bukoba. Misumari kwao, bati kwao, saruji kwao, na kilo ilikuwa kilo. Sasa wamebaki wa kuhesabika. Na madaraja yanaanguka. Nikasema, kumbe! Msomi ni msomi, ameona nisichokiona mimi.

La pili halikumezeka. "Hata mimi mwenyewe ni mmoja wao."

Akina mama, niliingia ndani nikaiangalia picha ya Koku ya mahafali iliyo ukutani. Nikaangalia nywele. Nikaangalia pua. Pua imechongoka. (Pua hiyo ni yangu, nimempa mimi. Lakini Jumapili hiyo sikukumbuka.) Nikamkumbuka mama yake, mkwe wangu, jinsi alivyokuwa anapenda kwenda mjini kununua vitambaa.

Mama Koku, najua umo humu kundini unasoma. Vumilia, nakuja kwako.

Leo alfajiri nikapanda Fuso ya jirani, mbele pamoja na dereva, mikungu ya ebitoke nyuma. Njia nzima nafanya mazoezi. Dereva ananisikia, ananiangalia, anaangalia barabara. Hakusema neno. Mtu mbaya sana.

Koku nikamkuta mlangoni mwa ukumbi, kavaa suti. Ndani wanapima kipaza sauti, kinapiga kelele kama nguruwe anayefungwa.

"Bibi, unakumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Na la nyumba za serikali?"

"Na nyumba."

"Na kwamba mimi ni mmoja wao?"

Nikamshika shavu. "Mwanangu, hilo nitalisema kwa upole. Hutaaibika."

Akanikumbatia. (Maskini.)

Wasemaji walikuwa wengi. Kipaza sauti kinakoroma, ukumbi una mwangwi, kila anayesimama nasikia "sayansi na Wahindi, sayansi na Wahindi". Nikaona kumbe hili ni jambo la taifa zima! Nikatulia. Mwenyekiti, mama mmoja wa Dodoma mwenye miwani, kidevu kilikuwa kimeshagusa kifua. Watu wanasinzia kwa foleni.

Halafu nikamwona Mzee Kanji, safu ya pili. Mnamjua, yule Mhindi wa duka la vitenge. Kazaliwa hapahapa, na Kihaya chake kinazidi cha wajukuu zenu. Nikamshukuru Mungu. Nikasema, hata mfano nimeletewa.

"Muleba!"

Nikasimama. Nikasalimia. Nikaanza na kijito, mgongo wangu, madaftari kwenye meno, baiskeli ya katekista. Mama wa miwani akainua kidevu. Koku pembeni ananipungia kidole gumba. Nikapata nguvu.

"Waheshimiwa, daraja letu limeanguka mara tatu. Sababu ni moja tu. Hatuna Wahindi!"

Ukumbi ukanyamaza. Nikadhani nimewagusa.

"Mafundi wetu wanapima kwa macho. Mhindi hapimi kwa macho! Tunataka kila wilaya iwe na Wahindi wake. Si wa kuja na gari, kupiga picha na kuondoka. Wakae! Wapewe nyumba ya serikali, wapewe mshahara, na wasikae ofisini kunywa chai. Wavae mabuti, waingie mtoni!"

Mtu akakohoa. Mwingine akaficha uso kwenye kofia. Mzee Kanji alikuwa anaangalia viatu vyake, nadhani anavifikiria na mto.

"Na watoto wetu wasomeshwe sayansi, hata wa shule za kata, ili nao wawe Wahindi!"

Hapo Koku akaanza kunionyesha ishara. Anapunga mikono yote miwili kama anafukuza kunguru. Mimi nikaelewa kwamba nimesahau sehemu yake. Mtoto ana haraka ya kutajwa! Nikamnyooshea mkono ukumbi mzima umwone.

"Mjukuu wangu yule pale. Amenitamkia kwa kinywa chake kwamba naye ni Mhindi. Mimi ni bibi yake mzaa baba. Niliumia, sitaficha. Lakini mama yake sijamuuliza chochote. Nimeshasamehe."

Mawe, mama wee! Akina mama!

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile tangu nizaliwe. Viti vilianguka. Mwandishi wa habari aliacha kamera akashika ukuta. Mama wa Dodoma alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Koku alikuwa amechuchumaa, suti na yote, kaziba uso kwa viganja.

Mimi nimesimama. Kipaza sauti mkononi. Sijui nimekosea wapi, najua tu nimekosea.

Aliyesimama ni Mzee Kanji. Taratibu, kakamata kiti cha mbele. Watu wakanyamaza wamsikie.

"Waitu, Ma Domitila, asante sana. Nimeishi Bukoba maisha yangu yote. Hakuna mtu aliyewahi kuniombea nyumba ya serikali."

Wakaanguka tena. Akangoja.

"Lakini mimi nauza vitenge. Ukiniingiza mtoni na mabuti nitakufa, na daraja halitasimama." Halafu akainama upande wangu, akasema pole pole kwa Kihaya, kisha akarudia kwa Kiswahili wote wasikie: "Wanasema wa-ha-ndi-si. Ni mainjinia, mama. Mainjinia."

Mainjinia!

Neno ninalolitaja kila siku ya Mungu! Ninalowachosha nalo ninyi kwenye jumuiya mpaka mnajifanya mnaanza rozari! Na yeye Koku angesema injinia tangu mwanzo, si ningesema injinia? Ila Kiswahili sanifu. Haya, Kiswahili sanifu ndicho hicho, kimetufikisha.

Nikamwangalia Koku. Alikuwa ameondoa viganja usoni. Macho mekundu, hacheki. Nikajua anachofikiria. Nafasi moja ya Muleba. Aliniachia mimi, nami nimeifanya ngoma ya harusi. Hapo aibu yangu yote ikaisha, ikabaki huruma kwa mtoto. Nikakirudisha kipaza sauti mdomoni.

"Mheshimiwa mwenyekiti, nimesoma mpaka la nne. Yote niliyosema ni ya kweli, neno moja tu ndilo limenikimbia. Basi nakuomba, toa Wahindi, weka mainjinia. Mengine yaache kama yalivyo."

Yule mama akarudisha miwani usoni. "Yote, Bibi?"

"Yote. Nyumba, mshahara, mabuti, watoto wa shule za kata. Yote."

"Na lile la kusamehe?"

"Hilo futa."

Akashindwa. Akaweka paji la uso mezani, mabega yanatingishika. Lakini kalamu nilikuwa naiona. Ilikuwa inaandika.

Mkutano ulipofika mwisho akasoma waliyoyakubali kwenda nayo Dodoma. Maneno mengi, sikuyashika. Watu nao hawakuyashika, walikuwa wamechoka kucheka. Ila moja tulilishika sote: "Muleba. Wahandisi waajiriwe na kuishi wilayani, wapewe makazi." Akanitafuta kwa macho. "Na wawepo mtoni wenyewe wakati wa ujenzi. Wakiwa na mabuti." Akaongeza, "Wasemaji wote wa leo nitawasahau nikifika Dodoma. Huyu hapana."

Ukumbi ukapiga makofi. Sijui yalikuwa ya sera au ya mabuti. Nilipokea yote.

Nje, Koku alinikuta nimekaa kwenye ngazi, mtandio nimejifunika mpaka puani. Akakaa karibu yangu. Nikasema, "Nipige tu, mwanangu, iishe." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikujua kilichoanza.

"Bibi, limeingia. Unajua limeingia? Tumelisema mara ngapi, sisi wote, na karatasi zetu!"

"Limeingia na mabuti."

"Na mabuti, Bibi." Akajifuta pua. Pua yangu ile. Halafu akageuka kama aliyechomwa na mwiba. "Ngoja. Ulidhani mama...?"

Nikaangalia ziwa.

Mama Koku, sasa nimefika kwako. Lile bakuli la senene uliloniletea Jumatatu nikasema sina hamu, nilikuwa na hamu. Na ile asubuhi uliponisalimia mara mbili nikajifanya napalilia, hapakuwa na jani la kupalilia. Wewe ni mke wa mwanangu, mtu safi, na pua ya mtoto ni ya kwetu. Nisamehe. (Mimi mwenzio nilikusamehe mbele ya Dodoma nzima, na hukuwa umekosa kitu.)

Nimekununulia kitenge. Cha bluu, chenye ndege. Nilikwenda dukani kwa Mzee Kanji nikiwa nimeinamisha uso, nikijua nitachekwa. Hakunicheka. Alikikata vizuri, akakikunja, nikafungua leso nilipe. Akarudisha nusu ya hela mkononi mwangu.

Nikamuuliza, "Mzee, mbona hivi?"

Akasema, "Ma Domitila, umetangaza mwenyewe kwamba mjukuu ni wetu, nikutoze bei ya mgeni?"

Naombeni Jumamosi kwenye jumuiya asicheke mtu. Atakayecheka, avuke kijito peke yake.