Ombi la Kumfelisha Mama Yangu

Ndugu Afisa wa Mafunzo ya Walimu,

Sijamwambia mtu mwingine yeyote: yule mwalimu wa darasa la tatu aliyepata alama tisini na nane katika mtihani wako wa kompyuta ni mimi. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Kila nilipomsomea swali alijibu, "Bofya tu unaloona linafaa, mwanangu. Si wewe ndiye umetoka shule juzi?"

Siandiki kuomba msamaha. Naandika kulalamika, kwa heshima zote, kwamba kwa alama zile umemteua mama awafundishe kompyuta walimu wenzake arobaini Jumatatu ijayo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Semina yenu ya siku tano ilikuwa nzuri mno. Walimu sitini waliizunguka kompyuta moja, na mama, kwa kuwa ni mfupi, aliuona vizuri sana mgongo wa mwalimu wa hesabu. Siku ya tatu umeme ulikatika, mwezeshaji akachora kibodi ubaoni, wote wakainakili. Ya mama ameipaka na rangi. Nikimwambia abonyeze herufi, kwanza hufungua daftari. Hapo mimi hukosa subira, nikampokonya kipanya.

2. Kompyuta kumi mlizopeleka shuleni kwake zinatunzwa kuliko wanafunzi. Bado zimevaa nailoni zake. Mwalimu mkuu hutembea na ufunguo mfukoni na kusema, "Watoto watazichakaza, na walimu ndio watazimaliza kabisa." Kila Ijumaa zinafutwa vumbi. Kwenye ripoti mnayoletewa, hicho ndicho kipindi cha vitendo.

3. Mtihani mliutuma majumbani bila kuuliza nani mwingine anaishi humo. Kwetu naishi mimi. Kwa rafiki yake mama, mwalimu wa darasa la pili, anaishi mpwa wake, ambaye nimesikia akisifiwa kwa "kumsaidia shangazi kidogo". Shangazi amepata tisini na tano. Kwa hiyo naona semina zijazo mtuite sisi moja kwa moja: mabinti, wapwa na wakwe wa walimu. Mtupe vyeti, tupige picha ya pamoja, na walimu waachwe na chaki zao kwa amani.

4. Hilo likishindikana, basi mfelisheni mama. Thelathini na tisa itatosha. Mwandikieni kwamba mfumo ulikosea. Ni sababu ambayo ofisi yenu huitoa hata pasipo na mfumo. Mama amefundisha watoto kusoma kwa miaka ishirini na miwili, na hajawahi kusimama mbele ya watu bila kujua anachosema. Tangu barua ya uteuzi ifike, chakula hakipiti. Jana nilimkuta mbele ya kioo akisema, "Walimu wenzangu, hiki kinaitwa kipanya." Hapo ndipo anapoishia. Watamcheka, na kosa ni langu.

Nakushukuru mapema kwa alama chache utakazompa. Wasalimie wote ofisini, hasa mwezeshaji mwenye mkono mzuri wa kuchora, na yule dada wa mapokezi ambaye hainui kichwa mtu akibisha hodi.

Ni mimi, ninayesubiri kwa adabu matokeo mabaya,
Binti wa mwalimu wa darasa la tatu

Nyongeza: Nilitaka kuituma barua hii kwa barua pepe ya mama, ile niliyomfungulia mwenyewe. Imenikatalia. Amebadilisha nywila. Nimejaribu jina langu, jina la shule yake, hata tarehe yangu ya kuzaliwa, wapi! Nilipomuuliza, alinitazama juu ya miwani: "Nywila haiambiwi mtu, hata mtoto wa kumzaa. Hukusoma?" Kwa hiyo naileta kwa miguu, niisukume chini ya mlango wako. Namba nne naifuta: Jumatatu mwache aende. Na ukishaisoma, tafadhali ichane, yabaki kati yako na mimi. Usimwambie mama kwamba nilidhani hawezi.