Kamera ya Marehemu na Mbili Zisizo na Kioo

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Muuza kamera kaja. Kijisharubu chembamba kama uzi. Kaacha kamera mbili ndogo, tuzijaribu hadi Jumamosi. Anasema hazina kioo ndani, lakini kipande kinachopokea mwanga kina ukubwa wa filamu ya marehemu mume wangu. Nani kamuuliza? Binti yangu, mpiga picha za harusi, atachukua moja, na Kijisharubu ataondoka na kamera ya marehemu kama sehemu ya bei. Labda wanizike kwanza. Ile ina kioo. Ukibonyeza, kinaruka: kla. Miaka yote nikiwa jikoni nilisikia kla, nikajua mume wangu yupo. Hizi zinapiga kimya kama wezi. Nimeamua zishindwe zote mbili.

Jumanne, tarehe 5
Ile ndogo zaidi haina tundu la kuchungulia, unatazama skrini tu. Nikaisifia mpaka binti yangu akaenda nayo kwenye harusi ya uwanjani, jua la utosi. Karudi kanuna. Anasema skrini haikuonekana, alikuwa anapapasa tu. Nikajichekea chumbani.
Sikucheka sana. Shemeji, mdogo wa marehemu, mstaafu anayezurura na kupiga picha watu wa mtaani, kaitia mfukoni mwa koti, kaenda nayo sokoni. Hakuna aliyemshtukia. Sasa anainunua yeye. Kanionyesha picha yangu nikigombana na muuza nyanya, mdomo wazi hadi koo. Nimependeza, mshenzi yule.

Alhamisi, tarehe 7
Ya pili ina tundu, tena ina kadi mbili: moja ikifa, picha za watu zinabaki kwenye nyingine. Ya maharusi hasa. Na inatafuta macho ya mtu yenyewe. Basi yakifumbwa itatafuta nini? Ikaja studio familia nzima ya bibi harusi mmoja. Nikasimama nyuma ya binti yangu, nikatoa ulimi, nikamwambia babu yao suruali yake imeizidi umri ndoa yake. Wakacheka mpaka macho yakawa nyuzi.
Kamera ikayapata yote. Picha nzuri namna hiyo sijaiona tangu marehemu aondoke. Binti yangu kanikumbatia, kasema, Mama, si ndivyo mlivyokuwa mkifanya na baba? Ndivyo. Yeye kwenye kamera, mimi nyuma yake nawachekesha watu. Nikaenda uani kuanua nguo. Sikuwa nimeanika hata moja.

Ijumaa, tarehe 8
Imebaki njia moja. Nimeifukia kamera ya marehemu ndani ya pipa la unga.

Jumamosi, tarehe 9
Kijisharubu kaja. Tumetafuta nyumba nzima, mimi kwa bidii kuliko wote. Shemeji, mlafi, kaenda kuchota unga. Kamera ikatoka nyeupe kama mzimu. Kijisharubu kaibonyeza, haikulia. Kaipuliza, kapiga chafya, kasema haichukui hata bure. Binti yangu kaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba naitaka, angeuza taa za studio kujazia bei. Nikamwambia, mwanangu, hukuuliza.
Walipoondoka nikaibonyeza mwenyewe, sikio juu yake. Kimya.

Jumapili, tarehe 10
Nimeamka na akili mpya. Unga unatoka kwa maji. Nimeiosha kwa maji ya moto na sabuni, nimeisugua ndani kwa mswaki, nimeianika juani. Sijamwambia mtu, watanizuia. Ikikauka tu, italia.