Bega la Tansy na Hatua Zangu Hamsini

Jumatano, 2 Aprili

Nimefungua mdomo kinyozini. Ningeufunga ningekuwa mtu mwenye furaha jioni hii.

Nilikwenda kunyolewa tu. Kwa Hobart, juu ya kioo, umetundikwa mkia wa bata mzinga aliyepigwa mwaka jana na Colt, mtoto wa shemeji yangu Royce. Umetandazwa ukutani, na chini yake zimening'inizwa ndevu za kifuani za huyo dume, inchi kumi kamili. Ukikaa kwenye kiti huna pa kuangalia pengine. Royce alikuwepo, bila shaka. Hana nywele hata moja, sijui huwa anafuata nini kwa kinyozi. Akaniuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka posta, kama mwanangu Tansy atawinda zile siku zilizotengwa kwa watoto au bado analia. Nikajibu kwamba Tansy ataangusha dume mkubwa kuliko wa Colt. Tena kwa hatua hamsini! Hizo hatua hamsini zilitoka wapi, hata mimi sijui. Hobart alisimamisha mashine.

Tansy ana miaka kumi na mabega ya kifaranga. Krismasi Royce alimpa bunduki yake kubwa ajaribu, namba kumi na mbili, ikamgonga bega likawa la zambarau wiki nzima. Tangu hapo amesema ikimgonga tena mara moja tu, basi. Hatakanyaga msituni maisha yake yote, atajiunga na kwaya. Na sitajidanganya kwenye daftari langu mwenyewe: miaka ishirini naketi peke yangu chini ya mwaloni kila majira ya machipuko. Nataka mtoto wangu akae pembeni yangu. Hilo tu.

Na mkia mkubwa kuliko wa Colt.

Ijumaa, 4 Aprili

Darla, mke wangu, amesema jambo hili ni rahisi. Nichukue bunduki yetu ndogo, namba ishirini (namba ikipanda bunduki hupungua), ninunue risasi laini, zile za baruti kidogo na marisau machache, kisha tumwache dume asogee karibu. Ndivyo baba yake alivyomfundisha yeye akiwa na miaka saba. Rahisi! Kila kitu ni rahisi kwa mtu ambaye hakutaja hatua hamsini mbele ya Hobart.

Nimekwenda dukani. Boksi la risasi laini lina picha ya mtoto kibogoyo anayetabasamu. Siku nyingine nisingejali. Lakini nani kasimama kwenye foleni ya kulipa na kopo lake la minyoo? Royce! Nikanyakua boksi la pili, la risasi nzito, lenye picha ya radi, nikaliweka juu. Royce aliitazama radi, akapiga mluzi. Akaniambia, "Shemeji, unataka kumuua bata mzinga au mtoto?" Nikamjibu kwamba mabega ya ukoo wetu ni ya chuma. Ukoo wetu! Mimi huumwa bega nikifungua mlango wa pikapu.

Njiani nikapata wazo zuri ajabu. Nimehamisha risasi. Laini nimezitia kwenye boksi la radi, nzito kwenye boksi la kibogoyo. Royce akipita hapa ataona Tansy anachota kwenye radi, atanyamaza. Risasi zote za namba ishirini ni za njano. Hakuna atakayejua.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna aliyejua. Hata mimi.

Baada ya ibada na kuku wa kukaanga tulikwenda nyuma ya banda kujaribu bunduki. Darla alichora kichwa cha bata mzinga kwenye sahani ya karatasi na kuibandika kwenye gogo. Shingo yake ilifanana sana na ya mchungaji wetu, ila sikusema. Tansy alisimama mbali, kaziba masikio kabla hata bunduki haijatoka kwenye mfuko. Nikamwambia atazame, nimwonyeshe risasi laini zilivyo na adabu. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Bunduki nikaiegemeza begani kizembe, mkono mmoja nimeshika kikombe cha chai ya barafu. Darla akasema hivyo sivyo watu wanavyopiga bunduki. Nikamwambia ndiyo maana ya kuonyesha. Akanipa boksi la kibogoyo. Nikapokea, nikatia, nikavuta.

Kwanza iliruka chai. Kisha kiti. Kisha mimi. Sahani ikabaki nzima na mchungaji wake. Nilipofumbua macho Tansy alikuwa ameniinamia, amepauka. "Baba, hizo ndizo laini?"

Ningeweza kusema ukweli pale pale. Maneno machache tu. Nikasema ndiyo, laini kabisa, ubovu ni wa kiti.

Ameingia chumbani kwake. Tunamsikia anafanya mazoezi ya nyimbo za kwaya, sauti ya kwanza.

Jumanne, 8 Aprili

Bega langu lina rangi ambazo sikujua ninazo. Lakini akili inafanya kazi. Kama huwezi kupunguza kipigo, ongeza godoro! Nimekata sponji kwenye kochi, upande wa nyuma ambako hakuna anayetazama, nikaishona ndani ya koti la Tansy la kuwindia. Alipolivaa alikuwa na nundu ya fahali. Bunduki, tupu, haikufika shavuni. Kila alipojaribu kulenga gogo, mtutu ulielekea kwa farasi wa jirani.

Darla aligundua kochi kwa kulikalia. Mke wangu si mtu wa kupiga kelele, na hapo ndipo penye hatari. Alikwenda kabatini, akatoa maboksi yote mawili, akamwaga risasi mezani. Akazisimamisha moja moja. Zile nzito ni ndefu kidogo, ukizipanga pamoja hata mtoto anaona. Mtoto akaona. Darla alimwambia Tansy alete rangi ya kucha. Wakapaka risasi laini zote rangi ya waridi kitakoni, zikakauka dirishani. Kisha wakaenda nyuma ya banda wao wawili. Mimi nilibaki kushona kochi.

Nikasikia mlio mmoja, mdogo. Kisha sauti ya Tansy: "Mama, itanigonga saa ngapi?" Darla akamwambia imeshagonga. Halafu mlio mwingine. Na mwingine! Akaja mbio jikoni kuchukua sahani zaidi, anacheka, sahani ya kwanza kichwa chote kimejaa matundu. Nilifurahi mpaka macho yakaloa, na sindano ikanichoma.

Risasi laini zimenifurahisha, nakubali. Ila Darla amekwenda kuchomeka kijiti mbele ya mwaloni wangu, hatua ishirini, akamwambia Tansy dume asipofika kwenye kijiti asimpige. Hatua ishirini! Nitamwambia nini Hobart?

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya watoto. Mkubwa haruhusiwi kupiga. Kazi yake ni kukwaruza kile kisanduku cha mbao kinacholia kama bata mzinga jike, na kunyamaza. Kukwaruza naweza.

Kabla hakujapambazuka, Tansy alipokuwa anafunga kamba za viatu, niliitoa risasi ya waridi kwenye bunduki nikatia nzito. Najua. Najua! Lakini nilijiambia kwamba mtu akimwona dume wake wa kwanza hasikii bega. Mimi mwenyewe sikusikia, na nilikosa.

Tukaketi chini ya mwaloni, bega lake dogo limeegemea mkono wangu, kijiti cha mama yake mbele yetu. Nikakwaruza. Bonde likaitika. Dume akatokea juu ya kilima, mweusi, anang'aa, akafungua mkia na kusimama. Hatua hamsini! Zimekuja zenyewe! Nikamnong'oneza Tansy apige. Akatikisa kichwa. Nikamnong'oneza habari za Hobart.

"Baba, Hobart hayupo."

Dume akaanza kushuka, taratibu, anajisikia. Ndipo nikaliona shavu la Tansy limelala juu ya bunduki, na nikakumbuka kilichomo ndani. Jasho likanitoka kwa baridi ile. Niliona bega la zambarau, niliona joho la kwaya, nilijiona mimi chini ya mti huu nikiwa mzee, nimekaa na kisanduku. Nilijichukia kwa dhati. Nikafungua mdomo kusema asipige.

Mlio ukatoka. Mdogo! Dume akaanguka karibu na kijiti, akatikisa bawa, akatulia. Tansy akafunga usalama wa bunduki kama alivyofundishwa, akaingiza mkono mfukoni, akanipa risasi yangu nzito.

"Hii haikuwa na rangi. Niliitoa ulipokwenda kukojoa. Mama amesema mwindaji haamini bunduki aliyotiliwa na mtu mwingine."

Nikamkumbatia. Halafu nikapima ndevu. Inchi tisa. Nikazivuta kidogo. Tisa.

Mchana Royce akaja, peke yake, kofia mkononi. Colt hakwenda kuwinda. Ile bunduki kubwa ya mwaka jana, anasema, ilimwacha mtoto na bega bovu kwa wiki mbili, wakaficha wasichekwe, na sasa bunduki ikitajwa tu tumbo linamuuma. Akaniuliza Tansy ametumia risasi gani. Sijawahi kumwona Royce akiniuliza kitu huku ametazama chini. Nikamwonea huruma. Ilidumu muda wa kufungua soda. Nikamwambia: za radi, shemeji, kwa hatua hamsini.

Tansy alikuwa ananyonyoa manyoya hatua mbili kutoka kwetu. Hakunyanyua hata kichwa.

"Mjomba, usimsikilize. Ni hizi laini, na bata alikuwa pale kwenye kijiti. Mpe Colt. Mwambie haiumi, mimi nilingoja iume nikachoka."

Akampa risasi tatu za waridi, na bunduki yetu ndogo aazime. Bure! Kwa adui!

Jumapili, 13 Aprili

Colt amepiga dume. Ndevu inchi kumi na moja. Walikuja nazo mpaka uwanja wa kanisa, Colt anampigapiga Tansy begani, Tansy anampigapiga Colt, na Royce analia mbele ya watu wote bila haya. Darla akalia pia. Mimi nilikwenda kutazama matairi ya pikapu.

Hobart ataitundika mikia yote. Wa Tansy utakuwa chini, karibu na soketi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimelitafakari jambo hili kwa utulivu wa mtu mzima, na nimeona kosa lilipokuwa. Risasi zilikuwa ndogo mno. Msimu wa wakubwa unafunguliwa wiki ijayo. Nimenunua za namba kumi na mbili, ndefu kuliko zote dukani, boksi lina picha ya volkano. Hobart nimemwambia hatua sabini.

Jioni nikamwalika Tansy aje tukae wote mwalonini Jumamosi ya kwanza. Aliomba kuliona boksi. Akaitazama volkano kwa heshima, akanirudishia kwa mikono miwili. Akasema samahani, Baba, ameshamwahidi Mama. Wanakwenda upande wa pili wa kilima na Mjomba na Colt, wote mti mmoja, na skonzi za moto. Nafasi yangu ipo, alisema, nikiiacha volkano nyumbani.

Niiache volkano! Nilicheka mpaka bega likauma.

Basi mwaloni ni wangu peke yangu, mwaka wa ishirini na moja. Nitanyoosha miguu nitakavyo.