Ulimi wa Methusela

Methusela alikuwa anapita zake Ipagala, mfukoni hana kitu na tumboni vilevile, alipowaona wanawake wawili uani wanalamba sabuni.

Akasimama. Mjini hapa ameona mengi, lakini hilo, hapana.

"Jamani, njaa imefikia huko?"

"Tunapima," akajibu Dorkasi, mwenye mradi, huku akigeuka kukoroga sufuria iliyo motoni. "Sabuni ya kupika lazima uiguse kwa ncha ya ulimi. Ikikupiga shoti, kama ulipokuwa unalamba betri za redio utotoni, kostiki soda imezidi. Unaongeza mafuta ya alizeti, unapika tena. Ikinyamaza, imeiva."

"Na nani anawathibitishia?"

Dorkasi akamtazama mwenzake Mwanahawa. Hakuna aliyekuwa anawathibitishia. Methusela akahisi riziki inamwita kwa jina.

Kesho yake akarudi amevaa koti jeupe la kuazima kwa bwana mifugo, linanuka mbuzi, na kitambulisho shingoni amekigeuza nyuma mbele. Akajitambulisha: Mpimaji wa Ulimi, Kanda ya Kati. Ulimi wenyewe, alisema, haunywi chai ya moto wala haugusi pilipili. Umetunzwa kwa ajili ya taifa. Naam, taifa zima.

Upimaji wake ulikuwa hivi: anapitisha kidole cha shahada juu ya sabuni, anafumba macho, halafu anatia mdomoni kidole cha kati. Hapo anaruka, anashika paji la uso, anajipiga kifuani, na machozi yanamtoka. Machozi ya kweli, tena mengi.

"Inauma! Hii imefeli. Naiteketeza."

Anajaza kiroba, anapanda basi, na sabuni inakwenda kuteketezwa Mpwapwa, dukani kwa mzee Hashimu, kwa bei ya jumla.

Alipokuja mara ya tatu, Dorkasi akakiona kile kidole. Mama huyu amelea watoto wanne, wote mabingwa wa kujifanya wamemeza dawa ya minyoo, hadanganyiki kirahisi. Hasira zikampanda. Mtaji wa mradi ule ulikuwa mbuzi wake wa mwisho.

Na balaa haliji peke yake siku hizo: mzigo mmoja ulikuwa umeharibika kweli. Dorkasi alitia kostiki akaenda kupokea simu, na Mwanahawa naye akatia tena. Ungerekebishika kwa kuuyeyusha upya na mafuta ya alizeti, lakini mafuta yamekwisha, na hela ya mafuta ndiyo ile iliyoteketezwa Mpwapwa. Mzigo ule ukipotea, mradi umekufa, na Dorkasi anarudi Makutupora kuchuma zabibu za watu.

"Na zile pale, zilizofunikwa kanga?" akauliza Methusela.

"Zile usijisumbue, mtaalamu. Ni mbaya. Tunazifukia nyuma ya choo."

Methusela akashtuka. Tangu aanze kazi, hakuna aliyeikataa sabuni yake mwenyewe. Akafunua kanga. Miche myeupe, inang'aa! Ahaa, wanamficha nzuri! Na akisema imefeli, watasema wanaifukia wenyewe; dawa ni kuinunua.

"Niuzie."

"Kaka, nakwambia ukweli, kostiki imezidi."

"Mwenye ulimi hapa nani?" Akapitisha kidole cha shahada, akalamba cha kati. "Asali!"

"Nitakuwa nakudhulumu," akasema Dorkasi. Mwanahawa akakimbilia ndani kucheka, kichwa ndani ya ndoo.

Methusela akaongeza bei mwenyewe. Dorkasi akakataa. Akaongeza tena. Dorkasi akakataa kwa huzuni kabisa. Mwishowe Methusela akamkabidhi kila alichokipata kwa Hashimu, akabeba kiroba mbio kabla mama wa watu hajabadili nia.

Mpwapwa, mzee Hashimu hakuwa na haraka. Akakata kipande, akamsogezea.

"Si wewe unayejisifia ulimi? Pima nione."

"Bila wasiwasi, mzee wangu."

Na kwa kuwa aliamini ameshika sabuni bora kuliko zote, Methusela, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, alitumia ulimi. Tena hakugusa. Alilamba, kutoka chini mpaka juu, kwa madaha.

Ile haikuwa shoti ya betri. Akaruka, akashika paji la uso, akajipiga kifuani, machozi yakamtoka. Hashimu akamletea ndoo ya maji na kumrudishia kiroba.

Kesho yake alitua Ipagala na hotuba kali moyoni: polisi, mahakama, hela zake. Lakini ulimi ulikuwa umevimba hadi meno hayakutani.

"Mmh! Mmmh!" akasema, akionyesha kiroba, akionyesha mdomo.

"Pole, mtaalamu." Dorkasi akampa kikombe cha mtindi, kisha akachomoa mche mmoja na kumsogezea puani. "Inauma?"

Methusela akaitikia kwa kichwa, kwa nguvu zote, kwa uchungu wote.

"Mwanahawa, umeona? Mtaalamu mwenyewe kathibitisha." Dorkasi akakinyanyua kiroba. "Basi hii imefeli. Tunaiteketeza."

Akaingia nacho ndani, ambako dumu jipya la mafuta ya alizeti, lililonunuliwa kwa hela ya Methusela, lilikuwa linasubiri.